AI Imemwanika Mama Mkwe Bafuni

Mpendwa mshauri Kanini, naomba unijibu upesi kwa sababu Jumamosi ya wiki ijayo watu wetu wanapeleka mbuzi wa ntheo, wale wa posa kwetu Wakamba, kwa kina Kalondu, msichana ninayetaka kuoa, na hivi sasa sijui kama mbuzi hao wataruhusiwa kuvuka lango.

Mimi huchora plani za nyumba hapa mjini Wote, na baba yake Kalondu, Mzee Kyule wa Kasikeu, aliniomba nimchoree nyumba mpya, nami nikaona hapo ndipo pa kujipendekeza, na mama mkwe, ambaye kama ujuavyo nthoni, ile miiko ya heshima kwa wakwe, hainiruhusu hata kukaa naye chumba kimoja sembuse kuzungumza habari za kuoga, alituma ombi moja tu kupitia kwa Kalondu, kwamba bafu iwe ndani ya nyumba, ukuta uwe wa matofali na dirisha liwe dogo juu ya kichwa, kwa sababu tangu aolewe ameoga nyuma ya mabati. Nilichora hivyo hivyo, naapa. Shida ni kwamba mzee alitaka picha ya nyumba ikiwa imekamilika, na kuitengeneza huchukua siku nyingi, basi nikaingia kwenye AI moja ya mtandaoni, ikakataa faili yangu ya DWG, ile ya programu ya kuchorea, ikanipa orodha ya zile inazokubali, PNG, PDF na nyingine sizijui, nikachoka kusoma, nikapiga kioo cha kompyuta picha kwa simu, nikajitumia kwa WhatsApp, nikaipakia na ukungu wake na kuandika chini, "Wenye nyumba ni mzee na mama wa miaka sitini, weka watu, ionekane ina uhai."

Picha ilitoka inang'aa. Nikatazama mabati ya rangi na maua ya mbele, nikaituma kwenye kundi la familia yao na kumwambia mzee nimeichora kwa mkono wangu wiki tatu. Kumbe upande wa kulia ukuta wa bafu umegeuka kioo kutoka sakafuni hadi juu, na ndani yake amesimama mama wa miaka sitini, amejifunga taulo, na kitambaa kichwani kama cha mama mkwe.

Wa kwanza kujibu alikuwa mjomba wake Kalondu wa kule Kambu. Akaandika, "Hebu zoom hapo kwa bafu." Mzee akauliza, "Mutie, hii wiki tatu yote ulikuwa unaangalia nini?" Kalondu akanipigia, "Mum ameona. Amezima simu, ameenda kulala na ni saa ya lunch. Sasa nimwambie nini?" Nilikata simu.

Mshauri, nikisema ni AI, mimi ni mwongo. Nikinyamaza, mimi ndiye niliyemuwaza mama mkwe akiwa na taulo. Ningetumia faili gani, na je, nikituma picha iliyorekebishwa bila kusema kitu, si yataisha?
Mutie, Wote

Mutie,

Nimecheka mpaka mhariri akaja kuangalia kama niko salama, kwa hiyo hilo tumelimaliza. Sasa kaa chini.

Nilifanya kazi kwenye ofisi ya wasanifu majengo miaka kumi na mmoja kabla ya kuanza kusoma barua za watu kama wewe, basi nianze na faili, maana ni nyepesi kuliko tabia yako. Kompyuta yako ingekutolea PNG kutoka kwenye plani ile ile kwa kubonyeza mara mbili tatu, na kila mstari ungebaki wazi. Wewe ukapiga picha ya kioo, simu ikaibana ikawa JPEG, WhatsApp ikaibana tena, na mistari myembamba ya matofali ikapotea njiani. AI ikikuta ukungu haiulizi, inajaza. Ilikuta ukuta usioeleweka, ikabahatisha kioo. Yule mama uliagiza mwenyewe. Siku nyingine, kama AI inapokea modeli ya 3D, ipe hiyo, kwa sababu humo ukuta tayari ni ukuta. JPEG iache iwe ya kuonyesha watu mwishoni, na hata hapo itume kama dokumenti, WhatsApp isiibane. DWG itunze, ndiyo ya kazi. Na kwa vile AI hukosea hata ukiilisha vizuri, weka picha kando ya plani uhesabu madirisha kabla hujatuma. Ungehesabu, saa hizi ungekuwa unajaribu suti.

Lakini faili haikumdanganya mzee. Wewe unalilia mbuzi, na mama wa watu ameomba ukuta mmoja tu, na siku ya kwanza ya kuiona nyumba yake anajikuta na taulo mbele ya shemeji zake wote. Hilo limenikasirisha. Nimetafuta namna ya upole ya kukuambia, sikuipata.

Basi, picha mpya usitume kimya kimya, utaonekana umerudi bafuni kurekebisha. Mpigie Kalondu kwanza, huyo uliyemkatia simu, na umwambie kila kitu. Kwa mama mkwe usiende wala usiandike. Mtume mama yako na plani ya karatasi, amwonyeshe kwa kidole ukuta wake na dirisha lake. Kwa Mzee Kyule nenda kwa miguu yako, useme zile wiki tatu zilikuwa uongo, kisha unyamaze akuseme mpaka achoke.

Ukitoka hapo andika kwenye lile kundi, mjomba wa Kambu akisoma: picha ile sikuichora mimi, ilichorwa na mashine, nami sikuiangalia. Najua yanachoma. Lakini mkwe mvivu aliyedanganya kuhusu kazi yake atasamehewa Kasikeu, wako wengi na wanapewa chai. Mkwe aliyekaa wiki tatu akimchora mama mkwe bafuni hawajawahi kumpata, na usikubali kuwa wa kwanza.