Usinicheke Safari Hii

Usagara, Tanga

Kwa mdogo wangu Sabiri, huko Moa.

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta umekaa kitako, shemeji Khadija mzima, watoto wazima, na yule beberu wako mwenye kiburi cha mwenyekiti wa kijiji naye mzima. Mie huku sijambo. Ndivyo barua inavyotaka mtu aseme, na mie ni mtu wa adabu.

Najua utauliza kaka kaanza lini barua, na simu anayo. Sababu ipo, nitakufikishia. Kuandika usinitanie: ngumbaru nilikaa mwezi mmoja, wenzangu mwaka mzima, na mwisho mwalimu ndiye aliyekuwa akiniuliza mie. Nimeianza jana baada ya alasiri, naandika napumzika, naandika napumzika.

Kwanza nikurudishe kwenye maziko ya Mzee Jumbe, kule Muheza, mwaka juzi. Jumbe Mbondei, mtani wetu sie Wadigo, na ada unaijua: mtani halii, mtani anawachekesha waliofiwa wasipasuke moyo. Na Tanga hii nzima mtani ni nani kama si mie? Nilivaa kanzu ya marehemu, nikashuka kaburini nikalala chali, nikasema nyumba hii nimeshapanga mie, huyo mrudisheni sokoni, machungwa yake yataoza. Sikutoka mpaka nilipoahidiwa jogoo. Walioona watawasimulia wajukuu wao.

Tuliporudi kwa wafiwa nikaanza kumwigiza. Wajua Jumbe alikuwa anasemea puani, na kope moja nzito kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Nilianza kwa kusudi. Nilipotaka kurudi kwenye sauti yangu, Sabiri, sauti yangu sikuikuta. Ile ya puani ikabaki. Kope ya kushoto ikashuka, nikaiambia panda, ikagoma. Watu wakapiga makofi, mjane akasema jamani huyu si Jumbe huyu, machozi yanamtoka na kicheko pamoja. Ubwabwa ulipoletwa, tonge tatu tu taya likachoka, nikawa nalisukuma juu kwa mkono kama mtu anayefunga sanduku lililojaa. Kunywa maji, yakatokea puani. Wewe ukajibwaga mkekani, ukasema kaka utatuua leo.

Aliyekuwa akifa ni mie. Nilikutazama kwa jicho lililobaki, nikikuomba uninyanyue, wewe ukanionyesha dole gumba.

Samiha peke yake ndiye aliyejua. Mke ukiishi naye miaka arobaini anajua mchezo wako unaishia wapi. Akawaambia watu kazi imekwisha, akanitoa nje, tukaenda hospitali. Ile safari niliyokwambia nimekwenda Dar kuuza nazi, uongo. Nililazwa siku tisa na mpira puani. Mtu niliyebeba magunia mawili ya machungwa, moja kila bega, na mwenye mzigo kakaa juu, nikawa nalishwa uji kwa mpira.

Daktari Shaheen, binti wa Kihindi anayekijua Kiswahili kukushinda wewe, ndiye aliyeugundua ugonjwa wenyewe. Una jina refu kama treni ya Moshi, mayasitenia sijui nini, na akasema wenye nao ni wachache. Nikajisifu, nikasema mie maradhi ya kila mtu siugui. Alinieleza kuwa kinga ya mwili imekosea adui, inakata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, basi msuli ukitumika kidogo unachoka. Hauponi, ila kwa vidonge unatulia, na siku ukitaka kuamka hubisha hodi kwanza. Kope inashuka. Unaona kitu kimoja viwili. Taya linachoka, sauti inahamia puani, shingo inaona kichwa kizito. Ukingoja zaidi ya hapo, inafuata pumzi. Nikamuuliza kama si mkono wa Wabondei huu. Akacheka kidogo, halafu akaacha, akanitazama. Ule mtazamo sikuupenda.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita nilishikwa na mafua yaliyoshuka kifuani. Ijumaa kope ikashuka. Samiha alikuwa amefunga mizigo aende Pangani, binti yetu Asmahani kajifungua. Akalitazama lile jicho, akaniuliza vipi. Nikamwambia nakukonyeza, mke wangu. Akanipiga na mtandio, akapanda gari anacheka.

Jumamosi msikitini nikaona maimamu wawili, nikamfuata wa kulia. Jumapili nikasujudu, kichwa kikakataa kunyanyuka. Wenzangu wamesimama, mie paji la uso liko mkekani. Baadaye jirani akanishika mkono, akasema mashaallah Abdulghani, siku hizi ibada imekuingia. Nikaitikia mashaallah. Ningesema nini?

Nimezunguka mno, maana ninalotaka kulisema nalionea haya. Jana nilipokupigia simu nikakwambia Sabiri nakufa, njoo, nilikuwa nasema kweli.

Ukasema eeh, marehemu Jumbe huyo, kafufuka! Ukamwita na Khadija aje asikie, mkacheka nyote wawili, ukakata. Nikapiga tena, ukapokea unacheka tayari. Kadiri nilivyosihi ndivyo sauti ilivyozidi kwenda puani, na ndivyo ulivyozidi kucheka. Sikulaumu. Miaka sitini nakufundisha kucheka kila nikifungua mdomo. Ndiyo maana nimeshika kalamu, herufi hazisemei puani.

Usiku nimelala nimekaa, nikilala chali pumzi haitoshi. Daktari alinifundisha kujipima: vuta pumzi, hesabu kwa sauti mpaka iishe. Mie nilikuwa nafika hamsini na kitu, manesi wakashangaa. Jana adhuhuri ishirini na mbili. Magharibi kumi na saba. Leo baada ya alfajiri kumi na moja. Nikarudia, nikasema labda nimekosea. Kumi.

Naogopa, Sabiri. Neno hili hujawahi kulisikia kwangu, wala mie sijawahi kulisikia.

Bajaji iko mlangoni, naenda hospitali. Lakini Daktari Shaheen kahamishwa, waliobaki hawanijui ila kwa vichekesho, na nikifika huko sauti itakuwa imekwisha. Karatasi aliyoniandikia iko mfuko wa kifuani wa kanzu yangu. Imeandikwa dawa nisizopaswa kupewa, nyingine ni za kawaida kabisa, hata za kifua, mwenzangu anapona mie zinanikata pumzi. Mtu wa kuishika karatasi hiyo na kusema hapana, hii asipewe, sina. Nataka uwe wewe. Samiha mpigie ukiwa njiani, mwambie lile jicho nilimdanganya.

Ukinikuta mdomo wazi, jicho moja limefumba, watu wanatabasamu, wewe usitabasamu. Na kama nitakufanyia ishara kuwa nacheza tu, usiniamini, nitakuwa nimeona haya mbele za watu. Nifokee. Wafokee na wao.

Aliyekuletea barua ni Lucas wa bodaboda, kijana mwaminifu. Nimemwambia asiondoke bila wewe nyuma ya pikipiki.

Msalimie Khadija, mwambie kicheko chake sikukiwekea kinyongo. Wabusu watoto. Usiisome mara mbili, panda.

Kaka yako wa tumbo moja,
Abdulghani