Waliotoka Mbangala Wakakuta Mistari Imevunjwa

Baba Yohana, mume wangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Mkono wangu ni wa jembe, na herufi nilizofundishwa misheni ni chache. Leo naandika kwa sababu aibu hii siwezi kumpelekea jirani.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua kahawa, ukasema iko siku Tanganyika nzima, toka huku Mbozi mpaka pwani, itajitawala bila Mwingereza wala chifu, watu wakisimama nyuma ya wanayemtaka? Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa ya ungoni. Nikakuuliza, "Nyie mnaogombania mfereji mmoja wa maji, ndio mtawale nchi?" Ukajibu, "Mfereji tunagombania kwa sababu sisi ni ndugu watupu. Nchi ikiwa kubwa, ukoo mmoja hautaijaza." Nikakuita mvivu unayeota mchana.

Sasa sikia ya mwanao. Tuliitwa kuchagua mtu wa kutusemea barazani kwa Bwana DC. Anayetaka anasimama, watu wanapanga mstari nyuma yake. Yohana akasimama. Akasimama pia seremala wa Mbangala, kule bondeni, aliyetangulia jana yake akalala kwa mchungaji. Tulijua watu wake wanapanda huku kwa miguu. Ukoo wetu ukawahi, umande haujakauka, tukajipanga, tukahesabiwa na karani wa Bwana DC. Nyuma ya seremala nyasi tupu. Nami nilikuwa mstarini kwetu, kifua mbele, kisha mistari ikavunjwa, nikaenda kusonga ugali wa kushangilia.

Watu wa Mbangala wakafika jua la utosini, vumbi mpaka magotini. Mama mmoja wa umri wangu akauliza, "Mistari iko wapi?"

Mdogo wako, yule mwenye mdomo, akamjibu, "Imekwenda kula."

Watu wetu wakaangua kicheko. Mimi nikamletea yule mama sahani, nikidhani nafanya uungwana. Hakuipokea.

"Dada, hatukuja kula. Tulikuja kusimama."

Akageuka, akaanza kuteremka na njaa yake. Nilibaki na sahani mkononi kama mwizi aliyekamatwa na kuku.

Jioni nikamwambia Yohana akaombe mistari ipangwe upya. Akasema, "Mama, nchi ni kubwa, tungemngoja kila mtu?" Nikamwambia, "Baba yako alikuwa anangoja mbuzi wa mwisho aingie zizini, wewe unashindwa kungoja watu?" Hakwenda. Basi nikaenda mwenyewe kwa karani, nikasema mbele ya mdogo wako kwamba mstari niliosimama ulikuwa wa wizi. Watarudia Jumamosi, watu wa Mbangala wakishafika. Yohana hasemi nami. Ugali wangu anakula.

Kama nchi nzima itaweza, sijui, usinisumbue. Ila si umbali uliotushinda. Tulishindwa hapa hapa, mlangoni kwangu, kwa kutotaka kungoja, na wewe ulikuwa umeniambia habari za ndugu watupu.

Jumamosi nitawahi, umande haujakauka, nisimame nyuma ya seremala. Watacheka, wacheke. Yule mama akifika, anikute nimemshikia nafasi.

Lala, mzee wangu.

Mkeo uliyemwachia mashamba na kiburi chake,
Mama Yohana