Mashimo ya Ngano, Lusu

Jumatatu, 11 Mei. Igalula.

Shimo la pili asubuhi hii. Nashika futi, Daktari Rehema anakwangua udongo kwa kisu na kuusugua viganjani. Ni mtafiti wa mbegu. Anatafuta ngano isiyochagua ardhi, na ili aipate anahitaji mashamba ya majaribio yasiyofanana: mchanga wa hapa, msitu wa Ipole, ukame wa Lusu. Gazeti limenipa wiki moja nimfuate. Kazi nyepesi. Nimeripoti mafuriko na vurugu za uchaguzi. Mashimo ya udongo ni mapumziko.

Jumanne, 12 Mei. Lusu.

Mzee Masanja, mwenyekiti wa kitongoji, alitupeleka mwenyewe kwenye shamba alilotuandalia. Mahame ya baba yake, palipokuwa na zizi la ng'ombe. Udongo mweusi kama masizi. Hapa mgeni hapewi kilicho kibaya. Rehema alishukuru, akakataa.

"Mzee, hapa hata mpini wa jembe utaota. Mimi nataka shamba linalowashinda."

Watu wakacheka. Masanja hakucheka.

Rehema akachagua la Mama Kulwa, mjane, kwenye mgongo wa changarawe kando ya njia ya zamani ya misafara. Mwenyewe alishangaa. "Daktari, hata mbuzi wangu wanalipita tu." Alikubali. Tukachimba shimo, tukapigilia vigingi.

Jumatano, 13 Mei.

Shimo tuliliacha likifika kiunoni. Leo linafika kifuani. Si sisi tuliolichimba.

Dereva wa bodaboda alinifafanulia huku akitafuna muwa. "Mwandishi, mkilifungua sanduku mtukumbuke."

Sanduku gani? La Mjerumani. Ukanda huu kila mtu ana babu aliyewaona askari wakizika mali walipokimbia vita. Wasomi wamekataa shamba zuri, wamechukua changarawe, wamechimba shimo la pembe nne, wameweka alama. Hata mimi ningeamini.

Nilicheka naye. Ndani ya gari sikucheka. Nimeligeuza, pua itazame barabara.

Alhamisi, 14 Mei.

Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Mama Kulwa alitufuata nyumba ya wageni mchana, miguu mitupu. Wanaume watatu walikwenda kwake. "Wamesema niwaonyeshe sanduku, la sivyo nitaonyeshwa mimi." Anaishi peke yake. Mlango wake unafungwa kwa kamba, nimeuona.

Rehema alitaka tung'oe vigingi. Nikamwambia tukiving'oa wataamini tumeshalipata. Tukiviacha, wataamini bado tunalitafuta. Tulimpigia Masanja. Hakupokea.

Ijumaa, 15 Mei.

Mwano ulipigwa asubuhi. Ule ukelele wa hatari. Ukiusikia unatoka na silaha, huulizi. Sungusungu walitukuta shimoni. Marungu, mapanga, pinde. Masanja mbele yao. Nilitafuta pa kutokea, sikupaona. Gari lilishazingirwa. Mkojo ulinibana. Mtu mmoja alikuwa amemkamata Mama Kulwa mkono.

Rehema hakuanza na ngano. Alipanda kutoka shimoni, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Masanja alichelewa kuitikia. "Marahaba."

"Nililikataa shamba lako kama mtu asiye na kwao. Nisamehe. Ngano iliyopimwa kwenye shida peke yake siwezi kuiamini. Nahitaji na lako."

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniambia hivyo Igalula: mbegu hupimwa penye neema na penye dhiki. Tulipofika Lusu alisahau.

"Na hili shimo?"

"Chagua watu wako walichimbe mpaka mwisho."

Walichimba. Changarawe, kisha mwamba. Masanja alichungulia shimoni.

"Mjerumani angezika mali yake hapa, angekuwa mjinga kuliko ninyi."

Kicheko kilianza nyuma, kikasogea mbele. Mkono wa Mama Kulwa ukaachiwa. Mimi nilikaa chini.

Jumatatu, 18 Mei.

Tumepanda. Mistari ya mbegu zilezile kwenye mahame na kwenye changarawe. Wale watatu walisimama wakikodolea macho kila punje mpaka ilipofukiwa. Nilitegemea Mama Kulwa atatunyima shamba. "Pandeni upesi," alisema. "Wakiona majani wataacha kuona sanduku."

Nimetuma habari. Ina udongo, joto na mbegu. Hofu haimo. Gari bado naliegesha pua nje.

Masanja alimleta seremala. Mlango wa Mama Kulwa sasa una komeo la chuma, kwa ndani. Mama mwenyewe alilijaribu mbele yetu, akafunga, akafungua, akafunga tena. Akamshukuru seremala. Kisha akachukua kanga yake, akaenda kulala kwa binti yake.