Kadi ya Sabuni

Kaka,

Barua yako ya kukumbushia imefika, pamoja na maswali yako saba kuhusu asili ya neno "sabuni". Hali ya Baba umeiuliza mwishoni, pembeni mwa karatasi, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango akiwa ameshafika barabarani.

Sisi hatujambo. Bomba la uani limeziba tena, na paka amezaa ndani ya droo ya kamusi aliyoanza kuitunga Baba, juu ya kadi za herufi M.

Kadi unayoitaka kwa ajili ya kitabu chako nimeipata. Waarabu husema sabun, Waturuki na Wahindi vilevile, Wareno sabão, na nyuma yao wote kuna sapo ya Kilatini. Neno limezunguka dunia, likaingia kila nyumba. Wewe umeshindwa kufika hii moja tangu Baba alipopooza.

Unaijua kanuni ya Baba: kadi haijakamilika bila sentensi ya mfano, na mfano lazima uwe jambo la kweli la humu ndani. Barua yako ya kwanza nilimsomea kitandani. Akaomba kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, siku mbili nzima:

"Binti yangu ananiosha kwa sabuni kila asubuhi; mwanangu anauliza imetoka wapi"

Ukiichapa, usibadilishe kitu. Nukta tu ndiyo haipo. Iweke wewe, maana Baba tulimzika Jumatatu.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwachia beseni.