Harusi ya Leokadia

Jumatatu, 2 Juni

Mashuka tena. Hoteli imejaa watu wa semina, na kila mmoja analala kama anayepigana na kitanda. Nimepiga pasi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane. Miguu imevimba.

Nyumbani Mama amekataa kuoga. Siku ya nne. Ameniita yaya, kisha akaniuliza mwenye nyumba anarudi lini. Nikamwambia jioni. Zamani nilikuwa nambishia, namwambia mimi ni Konsolata, mtoto wako. Sasa sibishi.

Saa kumi na moja nikawasha televisheni. Tamthilia ya Kituruki, ile waliyoitia sauti za Kiswahili. Ni saa moja tu katika siku nzima ambayo Mama anakaa mahali pamoja. Familia ile inakula sana, kila mara wako mezani, na wakila wao Mama naye anafungua mdomo. Nimeshaujua mchezo. Wakishika vijiko, nami nashika kijiko. Leo amemaliza sahani nzima ya viazi na maharage. Mungu awabariki Waturuki.

Jumatano, 4 Juni

Mama Esperansi alisimama dirishani tangu tamthilia ilipoanza. Ndiye mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa Goma, ng'ambo ya mpaka kutoka hapa Gisenyi, anauza vitenge. Tangu tulipogombania kamba ya kuanikia nguo tunasalimiana kwa kidevu. Nilikiona kivuli chake nikakiacha.

Mama ndiye aliyesema kwa sauti kwamba mgeni hasimamishwi nje. Ikabidi nimkaribishe. Aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, kama mtu wa kuondoka. Hakuondoka. Kumbe anaifuata tamthilia hii tangu mwanzo. Aliianza kwao na dada zake, na siku hizi havuki mpaka mara kwa mara.

"Kule tulikuwa tunaangalia batu saba," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Sasa mi niko peke yangu, naangalia ukuta."

Nilimsogezea kiti mbele.

Jumapili, 8 Juni

Amekuja kila siku. Leo ameleta sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwani. Mama anamwita Tereza, sijui Tereza yupi, na yeye anaitika bila wasiwasi, tena anamuuliza Mama habari za shamba. Mimi ni yaya, mpangaji ni Tereza. Nimeona wivu. Ujinga mtupu, lakini nimeuona.

Jumanne, 10 Juni

Msichana wa kwenye tamthilia, Nesrin, amevishwa pete. Mama amepiga makofi. Kwake yule si Nesrin, ni Leokadia, binti wa jirani yetu kule Karagwe tulipokuwa wakimbizi, mahali nilipozaliwa. Leokadia halisi aliolewa mimi nikiwa darasa la tatu. Sina habari zake tangu tuliporudi Rwanda.

Mtangazaji akasema harusi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mama akauliza kama tutaenda. Nilikuwa na beseni mkononi, maji yanapoa, mgongo unawaka. Nikasema tutaenda, ila hakuna anayeingia harusini bila kuoga.

Ameoga. Amejisugua mwenyewe hadi visigino.

Alhamisi, 12 Juni

Njia ya mwongo fupi.

Asubuhi nikiwa kazini Mama hukaa langoni kwenye kigoda, Mama Esperansi akimtupia jicho huku akipanga vitenge vyake. Kumbe amekuwa akimwalika kila anayepita. Harusi, Ijumaa ijayo, hapa kwetu, binti anatolewa. Binti gani? Nyumba hii ina binti mmoja, ana miaka hamsini na mmoja na miguu iliyovimba. Leo chumba cha kufulia wamenipokea kwa vigelegele. Mkuu wa zamu anataka kujua bwana ni wa Goma au wa Kigali. Nilipokana, wakasema lisemwalo lipo. Nilicheka nao hadi nikakaa chini, halafu nikaona machozi yanatoka na si ya kicheko.

Jioni hodi. Mzee Kalisti, wa nyumba inayotazamana na yetu. Polisi mstaafu, alirudi kutoka Uganda, amefiwa na mke, havui koti hata jua likiwaka. Nusu ya mtaa huu wameoa kwa ulimi wake. Kwetu bwana harusi hajisemei siku ya kuposa. Anasemewa na mzee wa maneno, na upande wa binti nao unaweka mzee wao wa kumbishia. Basi alikuja kuuliza kwa heshima zote atasema upande gani.

Nilimweleza ukweli, kuanzia beseni. Nilidhani atakasirika. Akauliza hiyo tamthilia ni saa ngapi.

Jumamosi, 14 Juni

Kaka Fostini amepiga simu kutoka Kigali. Habari zimemfikia. Anasema tumekuwa kichekesho cha Gisenyi, na kwamba televisheni inammalizia Mama kichwa kilichobaki. Atakuja Jumamosi ijayo kumchukua. Ana nyumba kubwa, atatafuta muuguzi wa kukaa naye. Hakuuliza. Fostini haulizi, anaarifu.

Sikukataa. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu. Sikukataa, na nilipokata simu mabega yalishuka yenyewe. Nimemtunza miaka sita. Nataka aende. Najichukia kwa kutaka, na bado nataka.

Jumanne, 17 Juni

Siku mbaya kuliko zote.

Nilirudi nikakuta kigoda kitupu. Mama Esperansi alikuwa ameingia ndani kumhudumia mteja, dakika tano tu, akatoka hamuoni. Tukagawana njia. Yeye soko, Mzee Kalisti ziwani, mimi barabara ya mpakani. Nilikimbia na viatu vya kazini, namuuliza kila motari aliyeegesha pikipiki yake. Kichwani nilikuwa naona maji, nayaona na kitambaa chake cha kichwa kikielea.

Motari mmoja ndiye aliyemleta, saa kumi hivi. Alimkuta njia ya Cyanzarwe, mguu mmoja hauna kiatu. Alimwambia anakwenda Karagwe kumsaidia mama yake Leokadia kumenya ndizi.

Nilimshika mkono nikamvuta ndani kwa nguvu. Kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alilia. Mama Esperansi alikuwa amekaa chini uani, anasema kosa ni lake. Sikumjibu. Mzee Kalisti ndiye aliyeosha ule mguu.

Saa kumi na moja hakuna aliyewasha televisheni. Mama hakula.

Jumatano, 18 Juni

Mkono wa Mama una alama nne. Vidole vyangu.

Fostini ana haki.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda chumbani kwa Mama Esperansi kuomba radhi kwa ule ukimya wangu. Mara yangu ya kwanza kuingia. Kitanda, mzigo wa vitenge, picha ya dada zake. Nikajikuta namwambia yote, ya Fostini, ya mabega, ya alama nne. Nilitegemea anishangae.

"Acha aende, upumuzike," alisema. "Hata mi mama yangu iko Goma, dada zangu ndio banamuangalia. Mutu anachoka. Si zambi, kuchoka."

Nikamwambia tusitishe ya kesho, kukusanyika kuitazama ile harusi. Akakataa. Alishamwahidi Mama sambaza.

Ijumaa, 20 Juni

Naandika yote, nisije nikasahau.

Nilimvalisha Mama mushanana wake, ule wa zambarau alioufunga begani siku ya harusi ya Fostini. Umempwaya. Saa kumi na nusu Mzee Kalisti aliingia na fimbo na kofia. Mama Esperansi alikuja na kitenge kipya, sambaza na Fanta. Mimi nilikuwa na gauni la kazini. Mama alinitazama akasema yaya naye apewe kiti, leo ni sikukuu.

Tamthilia ikaanza. Tulikaa wima kama watu walioalikwa kweli. Nesrin akatoka na shela refu, Mama akalia kidogo, vizuri. Halafu wakakaa kwenye meza, wakaulizwa swali moja moja, wakatia sahihi kwenye kitabu, watu wakapiga makofi. Mara likaja tangazo la sabuni.

Mama akageuka. "Imekwisha?"

Akalitazama tena lile tangazo.

"Na ng'ombe? Nani amemuomba huyu mtoto? Ametolewa hivi hivi, kama kikapu?"

Niliona mikono yake imeanza kukunja nguo, dalili ninayoijua, baadaye huja kelele na baada ya kelele huja kupiga. Nikainuka kuzima televisheni. Mzee Kalisti akaniwahi. Alisimama, akavua kofia, akaegemea fimbo, akaanza kwa Kinyarwanda kile cha posa. Kwamba wao ni wageni, wametoka mbali. Kwamba wamesikia nyumba hii ina msichana, na wana kijana.

Mikono ya Mama ikatulia. Akanyoosha mgongo.

"Mmepotea njia," akasema. "Hapa hatuna msichana."

Ndivyo inavyotakiwa kujibiwa. Hasa ndivyo. Mtu ambaye kwa wiki tatu hajafuata mazungumzo bila kupotea njiani alimbishia Mzee Kalisti neno kwa neno. Akamwambia msichana alikwisha kuposwa na wengine. Akamuuliza ukoo wake, akaukosoa. Mzee akataja ng'ombe wanane, Mama akauliza kama wana maziwa au ni mifupa na ngozi. Mama Esperansi hakuelewa hata nusu, lakini alikuwa anacheka huku ameziba mdomo. Mzee alitoa jasho ndani ya lile koti. Mwishowe Mama akasema haya, tumewapa.

Mzee akasema basi tunaomba kumwona bibi harusi.

Mama akatazama televisheni. Bado matangazo, mtu anafua shati. Akatafuta chumbani, taratibu, uso baada ya uso, akafika kwangu. Akanyoosha kidole.

"Huyu hapa. Konsolata. Wengine waliondoka, huyu akabaki na mimi. Mkimchukua msimchoshe. Amechoka tayari."

Mzee Kalisti akajibu kwamba wamesikia.

Nilikwenda jikoni. Nililia nimeshika sinki, kwa sauti, sikujali. Niliporudi tamthilia ilikuwa imeendelea, Waturuki wanacheza ngoma, na Mama anakula sambaza kwa mkono wake mwenyewe.

Jumamosi, 21 Juni

Fostini amefika saa nne na gari lake. Tangu alfajiri nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia Mama haendi. Ameniita jina langu, nitasema. Ameniita jina langu mbele ya mashahidi.

Asubuhi nilipomwamsha aliniuliza mimi ni nani na nimeingiaje chumbani kwake. Akanitupia kikombe.

Sikusema yale maneno. Nimefungasha nguo, dawa, mushanana, kitambaa cha kichwa. Nimemwandikia Fostini kwenye karatasi saa ya tamthilia na namna ya kijiko. Alidhani natania. Nikamwambia asome tena. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Kisha akakaa kwenye kiti cha Mama, akauliza kama usiku nilikuwa napata kulala. Miaka sita, mara ya kwanza. Nikasema wakati mwingine.

Mama aliingia garini kwa furaha. Dirishani alinishika mkono.

"Yaya," akasema, "umefanya kazi nzuri. Nitamwambia mwenye nyumba."

Nikasema asante, Mama.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimefua mashuka yake. Sikuwasha televisheni. Fostini ameandika ujumbe kwamba Mama amekula.

Jumatatu, 23 Juni

Kazini mashuka ya kawaida. Wenzangu wameacha utani wa harusi, nadhani sura yangu imewajibu. Nimerudi saa tisa. Hakuna wa kuogeshwa, hakuna dawa ya kusaga. Nikakaa kwenye kiti cha Mama na viatu vyangu, nikisema napumzika dakika mbili.

Nimeamka jua limeshateremka. Nimefunikwa kitenge. Viatu vimevuliwa, vimepangwa pembeni. Mlango nilikuwa sikuufunga. Televisheni inawaka, sauti imezimwa kabisa, na mbele yake, wamesogea karibu mno na kioo, wamekaa Mama Esperansi na Mzee Kalisti. Mama Esperansi anamnong'oneza Mzee anachodhani wanasema. Anakosea, bila shaka. Mzee anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Siku zote nilijiambia wanakuja kwa ajili ya Mama tu.

Nikawatazama kutoka kwenye kiti. Kisha Mzee akageuka, akaniona macho wazi, akauliza aongeze sauti. Nikamwambia aache. Nilishuka nikakaa nao chini, miguu nimeinyoosha. Tukaangalia hivyo hivyo hadi mwisho.