Ngonjera ya Kumkomesha Fotunata

Jumatatu, 1 Septemba

Zamu ya kudeki bweni ni yetu wiki hii, mimi na Fotunata. Tumedeki. Maji baridi, vidole ganzi. Sakafu haijakauka, mwalimu wa nidhamu akaingia na matroni. Upekuzi. Hakugusa tranka la mtu yeyote. Amekuja moja kwa moja kwenye godoro langu, akapasua pale nilipopashona, akachomoa kauntabuku yangu. Hadithi zangu zote, tangu kidato cha pili.

"Upuuzi kama huu ndio unaowafelisha," akasema. Akaipeleka jikoni, akaisukuma chini ya sufuria la makande. Nilisimama mlangoni nikaangalia mpaka jalada likajikunja. Makande sijala.

Jumanne, 2 Septemba

Pale nilipopashona palijulikana na mtu mmoja tu. Fotunata, anayelala kitanda cha juu yangu. Hata sindano ilikuwa yake.

Nimemuuliza. Hakukana. Akaendelea kukunja shuka. Ningemzaba kibao, ila matroni alikuwa koridoni.

Atanitambua.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya kufua. Jumamosi zote tukifua, Fotunata ndiye aliyekuwa anasoma hadithi zangu kwa sauti, maana mimi sauti yangu mbovu, yake ni ya redioni. Bweni zima lilikuwa linamsikiliza. Leo tumefua kama tuko msibani.

Sielewi kilichomsukuma. Jumamosi iliyopita tu alisoma ile mpya, ya Mama Ulanzi, mlevi anayeingia kanisani harusi ya watu, mguu unaburuta, anapiga kelele kwamba bibi harusi ni yeye. Wasichana walilala chini kwa kicheko. Fotunata alisoma mpaka mwisho. Sauti ilishuka kidogo, lakini alisoma.

Wivu tu. Insha zake hazijawahi kuvuka kumi na mbili kwa ishirini. Namchukia. Naliandika hili ili nikisoma siku nyingine nisijifanye sikumbuki. Ninaandika nyuma ya daftari la Jiografia. Huku hapekui mtu.

Jumatano, 17 Septemba

Mwalimu wa Kiswahili ameniita. Mahafali yetu ya kidato cha nne ni Oktoba kumi na moja, anataka ngonjera. Niitunge mimi. Loo! Juzi wamechoma, leo wanaomba.

Nilitaka kukataa. Kisha akasema muulizaji atakuwa Fotunata, kwa sababu ya sauti.

Nimekubali haraka mno. Mwalimu akacheka.

Jumapili, 28 Septemba

Wasichana wanane. Kila mmoja nimemwandikia kipande chake kwenye karatasi yake, kama tunavyofanya kila mwaka. Ngonjera nzima ninayo mimi peke yangu. Mwalimu anasikiliza mazoezi, haombi karatasi.

Fotunata anauliza: "Naulizia jamani, rafiki wa kweli nani?" Ninayemjibu ni mimi, ubeti wa mwisho. Mazoezini ninajibu ubeti wa kusifu walimu. Wanapiga makofi. Siku yenyewe nitajibu huu:

Si wewe uliye ndani, ukanitupa motoni.

Na kidole nitamnyooshea. Mbele ya mgeni rasmi, mbele ya wazazi, mbele ya huyo mwalimu wake wa nidhamu. Nimeurudia bafuni mara ishirini. Mtamu huo!

Jumapili, 5 Oktoba

Baada ya misa Fotunata amenifuata. Mara ya kwanza kuniongelesha mwezi mzima. Ameniomba nimsikilize kipande chake. Nimemsikiliza. Ameuliza kama pumzi inakaa sawa kwenye "jamani". Nikasema inakaa.

Mama yake anakuja kutoka Madaba. Amefurahi, anajikaza asionyeshe. Vizuri. Aje aone.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefanya.

Aliuliza, nikajibu, nikanyoosha kidole. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Wazazi walidhani ndiyo ngonjera yenyewe. Mgeni rasmi alipiga meza. Wasichana wa bweni ndio walioelewa, wakaanza "Yuuuh!" Mwalimu wa nidhamu akainama akichezea kalamu. Fotunata alikuwa bado na ubeti wa kushukuru. Aliusema wote. Sauti ilishuka, kama siku ile ya kufua.

Ndipo nikajua. Si kweli, nilijua zamani. Kidato cha pili tuliumwa malaria pamoja, tumelazwa chumba kimoja, akanisimulia siku mama yake alipomwaibisha kanisani. Alinisimulia mimi tu, analia. Mimi nikabadilisha jina nikaona nimemaliza. Nikampa mwenyewe asome kwa sauti.

Ulipofika wakati wa zawadi, wazazi waliingia wakicheza na mashada ya maua ya karatasi kuwavisha watoto wao. Kwetu hakuna aliyefika, shangazi wa Msamala alipiga simu kwamba anaumwa. Nikabaki nimesimama na shingo tupu. Akaja mama mmoja wa kitenge cha kijani, mguu unaburuta. Ana mashada mawili. Moja la Fotunata. Jingine akanivisha mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe unayeandika. Fotu kila akipiga simu ni wewe tu."

Hanuki pombe. Ananuka sabuni. Nilipomwandika sikuwa nimewahi kumwona.

Fotunata alikuwa pembeni yake, ananitazama aone nitasema nini. Shada lilikuwa linanikwaruza shingo, nikaogopa kulivua.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mapitio ya Historia. Wasichana wanamwita Fotunata "Motoni". Nimewaambia waache. Wamenicheka: "Si umetunga wewe?"

Kuchomewa bado kunaniuma. Sikumtuma aende kwa mwalimu, angeweza kunipiga, angeweza kunitukana. Hasira ipo palepale. Ila sasa sina pa kuipeleka.

Jumamosi, 18 Oktoba

Siku ya kufua. Jua kali, sare zinakauka haraka. Hakuna anayesoma.

Fotunata amekuja mpaka kwenye karo ninalofulia na ndoo yake. Amesimama mbali kidogo.

"Mama anakusalimia," akasema. "Amesema usiache kuandika. Ameniagiza nikwambie."

Akageuka, akaenda kuanika. Nikaendelea kusuuza.