Kipande Alichokufungia Mama

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na wifi amepona lile jino lililomnunisha wiki nzima. Watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mama hajambo. Yuko kwangu mpaka Jumamosi, analalamika kwamba nyumba yangu ina vitabu vingi kuliko sufuria. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umenichafuka, na ndiyo maana nimeandika badala ya kukupigia simu. Kwenye simu ningelia tu, usingeelewa kitu.

Ulisikia kwamba taasisi yetu ilikuwa na sherehe. Profesa wetu, yule tunayemwita Hadubini ingawa hadubini yenyewe hajaigusa siku nyingi, ametunukiwa kwa utafiti wake wa ugonjwa wa kusahau. Sitaki kumnyima haki yake. Ni yeye aliyetuonyesha jinsi seli zinazolinda ubongo zinavyoweza kugeuka. Ubongo ukivimba kwa ndani na uvimbe usitulie, seli hizo huwa kama mlinzi ambaye wezi wameshaondoka lakini yeye bado anazungusha rungu, anawapiga wenye nyumba. Kwa kazi hiyo sasa kuna dawa inayojaribiwa, na nimeona kwa macho yangu wagonjwa ambao hali yao imeacha kuporomoka.

Lakini sherehe yenyewe, kaka, ilinitia kinyaa. Ukumbi mzima ulipambwa kwa picha moja, ya kipande cha ubongo kilichotiwa rangi, seli nyekundu zimetapakaa kwenye kijani. Ilikuwa ukutani, ilikuwa kwenye mifuko ya zawadi, ilikuwa hata kwenye tai ya Hadubini. Alipanda jukwaani akaiita bustani yake, watu wakapiga makofi. Bustani gani? Kila penye wekundu pale ni mahali ambapo mtu alipoteza kitu: jina, njia ya kurudi nyumbani, sura ya mkewe.

Kisha wakaleta keki. Juu ya krimu wamechapa picha ileile, imeenea meza nzima. Hadubini akapewa kisu, akauliza kwa mzaha aanzie kwenye akili au kwenye kumbukumbu, na wafadhili wakacheka mpaka mabega yakatikisika. Akakata, wakala. Mgeni mmoja mwenye hereni kubwa alilamba krimu nyekundu kidoleni, akasema hakujua kama ubongo ni mtamu hivyo. Mimi nilikuwa jukwaani, nimebanwa katikati ya watafiti wenzangu tukipigwa picha, na sikuwa na pa kushukia.

Nimezunguka sana, sasa niseme. Ile picha ya ubongo niliipiga mimi. Unakumbuka Baba, siku zile bado anatutambua, alivyotuita chumbani akasema, "Nikifa nifungueni, mumwone mwizi aliyeniibia majina ya wanangu." Wewe ulikataa, yeye akashikilia, akataka mkono wa mwanawe uwepo katika kazi hiyo. Basi mkono wangu ulikuwepo. Kile kipande ni cha Baba, kaka. Nilitoa picha kwa ajili ya makala ya utafiti, haina jina, ina namba tu. Habari za keki hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake nilimfuata Hadubini ofisini nikamweleza. Nilitegemea ataona haya. Alivua miwani, akaifuta kwa tai ileile, halafu akasema, "Hicho ni kisa kizuri sana. Wafadhili watalia. Kaka yako, kama mkubwa wa familia, anaweza kutusainia tukiweke kwenye ripoti?" Wanasema asiyekuwepo na lake halipo, lakini sikutegemea kuona likitimizwa kwa kisu na sahani za karatasi. Nilimwambia tai yake ina doa la krimu, nikatoka. Nimeshapeleka malalamiko kwa kamati ya maadili. Kazi siachi, maana Baba alitaka yule mwizi aonekane. Ila wakikuletea karatasi, usitie hata nukta.

Lipo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Mama alikuwepo ukumbini, kiti cha mbele. Nilimwalika mwenyewe, kwa kujivuna. Nilipofanikiwa kushuka jukwaani, sahani yake ilikuwa tupu. Aliniambia keki ni laini, haikuzidi sukari. Sijamwambia, na sitamwambia. Ukiona nimekosea nilaumu mimi, yeye mwachie amani yake.

Barua hii nimempa dereva wa taasisi anayepita huko Ijumaa, ili imtangulie Mama. Jumamosi anakuja kwako na kipande cha keki alichokufungia. Kiko kwenye jokofu langu, na kila asubuhi anafungua kutazama kama hakijakauka. Nilijaribu kukitupa akanikamata, akasema, "Hicho ni cha mwanangu aliyemuuguza baba yake." Najua atakuwekea kwenye sahani, kisha atakaa akutazame. Tafadhali, kaka, kipokee kwa mikono miwili, umshukuru, umwambie utakila ukishapumzika. Akienda kuoga, kichukue ukakizike pale alipolala Baba.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo, ambaye safari hii amenyamaza.